Pilingi kabla ya harusi: uso wenye madoa uanze na nini?

Swali: Dokta, jambo. Nina miaka 27, ninauza vitenge soko la Kadutu, hapa Bukavu. Chunusi zilinianza nikiwa sekondari na mpaka leo hazijaisha. Kila moja ikipona inaacha doa jeusi, na mashavuni nina vishimo vitatu au vinne. Miaka miwili iliyopita mama mmoja wa sokoni alinipa mkorogo wa kopo. Nilipata rangi nzuri kwa muda, lakini sasa nikiuacha siku mbili tu uso unawaka na vipele vinarudi vingi kuliko mwanzo. Saluni moja ya Ibanda wameniambia nifanye pilingi, yaani kubambua uso kwa asidi, mara tatu, dola 40 kila mara, madoa yataisha. Rafiki yangu naye ameagiza kwa simu chupa iliyoandikwa TCA 35%, anasema ni kitu kile kile, tupakane wenyewe nyumbani. Harusi yangu ni katikati ya Agosti, na sasa tuko Machi. Nishike lipi? Sitaki kuwa mweupe, nataka rangi yangu irudi iwe moja.

Jibu: Kwa kifupi, binti yangu, chupa ya rafiki yako msiifungue, pilingi ya saluni usiifanye sasa, na cha kushughulikia wiki hii ni ule mkorogo. Pilingi inaweza kukufaa baadaye, pengine Juni, tena ile ya juu juu kabisa. Nitaeleza kwa urefu, kwa sababu mtu akiambiwa asubiri bila kupewa sababu, kesho yake utamkuta Ibanda amekwisha kujilaza kwenye kiti cha saluni.

Pilingi ni kupaka usoni asidi ya nguvu inayojulikana, ikae kwa muda unaojulikana, ili iunguze kwa makusudi tabaka fulani la ngozi. Tabaka hilo linabambuka siku zinazofuata na ngozi mpya inapanda kutoka chini. Si mambo ya jana: daktari Mjerumani Paul Gerson Unna alieleza mwaka 1882 jinsi ya kutumia asidi ya salisiliki, resosinoli, TCA (asidi ya trikloroasetiki) na fenoli kwenye ngozi, na dawa hizo bado ziko mezani mpaka leo. Kinachotenganisha pilingi moja na nyingine ni kina chake. Ya juu inaishia kwenye ngozi ya nje. Ya kati inavuka mpaka huo na kugusa sehemu ya juu ya ngozi ya ndani. Ya kina inazama zaidi, na dawa yake ni fenoli, ambayo ikiingia kwenye damu inaweza kuvuruga mapigo ya moyo, ndiyo maana mgonjwa hufungwa mashine ya kufuatilia moyo wakati inapofanyika. Hiyo ya mwisho isahau kabisa. Hutumika hasa kwa mikunjo mizito ya watu weupe waliozeeshwa na jua, na kwa mtu wa rangi yetu inaweza kuacha mabaka meupe yasiyorudi tena.

Sasa kuhusu rangi yetu. Wengi wanadhani Mwafrika ana chembe nyingi zaidi za kutengeneza rangi kuliko Mzungu. Sivyo, idadi inakaribiana. Tofauti ni kwamba za kwetu zinafanya kazi kwa bidii zaidi, na vifuko vya melanini vinavyotoka humo ni vikubwa na vimetawanyika vizuri katika ngozi yote ya nje. Hiyo ni kinga kubwa dhidi ya jua. Ubaya wake ni kwamba chembe hizo hazivumilii kuguswaguswa. Chunusi, ukucha, mvuke wa sufuria, wembe, kidonda chochote chenye uvimbe, zote zinaziamsha zitoe rangi zaidi. Madoa yako yametoka huko. Na asidi nayo ni jeraha: ikizidi kidogo tu, inaacha doa kubwa kuliko lile ililotumwa kulitoa.

Kuna jambo la pili ambalo saluni hawakukwambia. Uvimbe ukiwa mkali, rangi inadondoka kutoka ngozi ya nje hadi ya ndani na kukaa humo. Simama mlangoni asubuhi na kioo mkononi, mwanga ukiwa mzuri. Doa la kahawia au jeusi lenye ukahawia kwa kawaida liko juu, na hilo hufifia kwa miezi kadhaa hata bila pilingi, mradi lisiongezewe jingine. Doa lenye rangi ya majivu au ubuluu limezama, linaweza kuchukua miaka, na hakuna pilingi ya juu inayolifikia. Usikubali kulipa pesa kwa ajili ya hilo la pili.

Ukisikia mtu wa saluni anakuambia wewe ni "aina ya tano" au "ya sita", anatumia kipimo cha aina za ngozi alichokitunga Thomas Fitzpatrick wa Marekani mwaka 1975. Kwanza kilikuwa cha kuwapimia watu weupe kiasi cha miale ya kutibia magonjwa ya ngozi, na sisi weusi tuliongezwa baadaye. Kwa hiyo ukikuta kijikaratasi ndani ya boksi la pilingi kinasema "dakika tano", uulize kwanza ni dakika tano za ngozi ya nani.

Nirudi kwenye kopo. Ulichoandika kuhusu uso kuwaka na vipele kurudi kwa wingi ukiacha siku mbili kinaniambia zaidi kuliko kitu kingine chochote katika barua yako. Ndivyo inavyofanya ngozi iliyozoea kortikoidi. Mikorogo ya sokoni mara nyingi ina kortikoidi kali kama klobetasoli au betametasoni, ina haidrokwinoni, dawa ya kufifisha rangi, kwa kiasi asichokijua hata aliyeichanganya, na mingine ina zebaki. Kortikoidi inatuliza uvimbe haraka, na hiyo ndiyo "rangi nzuri" uliyoipata mwanzoni. Ikiendelea miezi na miezi inapunguza unene wa ngozi, inatokeza mishipa midogo na vinyweleo usoni, na inaleta chunusi zake yenyewe, vipele vidogo vya aina moja vilivyojipanga. Ukiiacha ghafla, uvimbe wote uliokuwa umekandamizwa unarudi pamoja. Mtu anaogopa, anapaka tena, anatulia. Miaka inapita hivyo.

Nisiwe mnafiki: haidrokwinoni na kortikoidi ni dawa za hospitalini pia. Mwaka 1975 Albert Kligman na Isaac Willis walichapisha mchanganyiko wa haidrokwinoni, tretinoini (dawa ya ukoo wa vitamini A) na deksametasoni (nayo ni kortikoidi) kwa ajili ya madoa, na mpaka leo madaktari wanaandika dawa za ukoo huo. Lakini wanaziandika kwa asilimia inayojulikana, kwa wiki chache au miezi michache, kisha wanasimamisha. Haidrokwinoni ikitumiwa miaka mingi inaweza kuleta okronosisi, weusi wenye ubuluu na vitone vidogo vilivyotuna, hasa kwenye mifupa ya mashavu. G. H. Findlay na wenzake waliueleza ugonjwa huo Afrika Kusini mwaka huohuo wa 1975, kwa wanawake waliokuwa wakipaka krimu za kujing'arisha. Jiangalie mashavuni. Ukiona vitone hivyo, pilingi haitakusaidia, na kuongeza mkorogo ni kuongeza ugonjwa. Kuhusu zebaki, Mkataba wa Minamata, ule wa kimataifa wa kudhibiti zebaki, uliweka mwaka 2020 kuwa mwisho wa kutengeneza na kuuza vipodozi vyenye zaidi ya sehemu moja ya zebaki kwa milioni, kwa sababu inafyonzwa na ngozi na kuharibu figo. Makopo yasiyo na lebo hayajui mkataba wowote.

Kwa nini nalifungamanisha kopo na pilingi? Kwa sababu asidi inapimwa kwa ngozi nzima. Asilimia ambayo kwenye uso wenye afya ingeishia ngozi ya nje, kwenye uso uliopunguzwa unene na kortikoidi inapenya mpaka ya ndani. Mtu wa saluni atakuwa amefuata maelekezo yote, na bado utatoka umeungua. Na chunusi zako hazijatulia. Kutoa madoa wakati huu ni kufagia majivu huku jiko bado linawaka.

Basi Machi hadi Mei ni ya kuzima. Nenda hospitali kubwa, uulize daktari wa ngozi. Akikosekana, daktari wa kawaida aliye makini anaweza kuanza kazi. Nenda na kopo lenyewe, usilifiche. Usiache mkorogo usiku mmoja bila msaada: mara nyingi tunamshusha mgonjwa taratibu, kwa mfano kwa kumpa kortikoidi dhaifu kama haidrokotisoni kwa muda mfupi, halafu tunaiondoa nayo. Tegemea wiki kadhaa za uso kuwaka, kuwasha na kuota vipele. Zitakuudhi, na mama wa sokoni atakuambia umekosea kuacha. Kipindi hicho osha uso mara mbili kwa siku kwa maji ya uvuguvugu na sabuni isiyo na manukato, paka Vaselini kidogo au krimu nyepesi isiyo na harufu, basi. Wavu wa kuogea usiguse uso. Ndimu, dawa ya meno, bikaboneti, vyote vibaki jikoni na bafuni.

Uso ukishapoa, chunusi zitibiwe kama ugonjwa. Benzoili peroksaidi ya asilimia 2.5 au 5 inatosha (inachubua rangi ya nguo, kwa hiyo angalia vitenge vyako), na usiku adapaleni au tretinoini kiasi cha punje ya njegere kwa uso mzima, ukianza usiku mmoja au mbili kwa wiki. Zikiwa nyingi na zenye usaha, daktari anaweza kuongeza doksisiklini ya vidonge kwa miezi mitatu hivi, lakini ujue inafanya ngozi iumizwe haraka na jua. Asidi ya azelaiki, ikipatikana, naipenda kwa watu kama wewe: inapunguza chunusi na madoa pamoja, na haikatazwi kwa mjamzito. Nalitaja hilo kwa sababu unaolewa. Tretinoini, adapaleni na doksisiklini havitumiki wakati wa ujauzito, na mimba za baada ya harusi hazina kawaida ya kusubiri dawa ziishe. Mwambie daktari mpango wako mapema.

Watu wengi wakifika hapa, na miezi mitatu ya kujikinga na jua, wanakuta madoa yamefifia nusu na hawataki tena pilingi. Kama wewe utakuwa mmoja wao, umeokoa dola 120.

Kama bado unaitaka, tuchague asidi. Kwa uso wenye chunusi na madoa, na ngozi kama yetu, chaguo langu la kwanza ni asidi ya salisiliki, asilimia 20, baadaye 30 ikibidi. Inapenda mafuta, kwa hiyo inaingia ndani ya tundu la chunusi ambako asidi nyingine hazifiki vizuri, na yenyewe inatuliza uvimbe. Ikipakwa inachoma kwa dakika chache, kisha uso unakufa ganzi kidogo, na unabaki na unga mweupe: hizo ni chembe za dawa zilizobaki baada ya alkoholi kukauka, si ngozi iliyoungua. Haina haja ya kuzimwa na dawa nyingine, inaoshwa tu. Mwaka 1999 Pearl Grimes, daktari wa ngozi wa Marekani, alichapisha matokeo ya watu 25 wenye ngozi ya aina ya tano na ya sita waliopakwa asidi hiyo, mara mbili kwa asilimia 20 na mara tatu kwa asilimia 30, wiki mbili kati ya moja na nyingine. Wengi wao walipata nafuu, na madhara yalikuwa machache na mepesi. Lakini angalia: wote waliandaliwa kwanza kwa dawa ya madoa wiki mbili, na hakuna aliyeanzia asilimia ya juu. Asidi hii haipakwi mjamzito wala mtu mwenye mzio wa aspirini, maana ni ndugu.

Asidi ya glikoliki ndiyo utakayoikuta kwenye saluni nyingi. Ni nzuri kwa madoa, ila molekuli yake ni ndogo, inapenya haraka, na mara nyingi haipenyi uso wote sawasawa. Lazima izimwe kwa maji ya bikaboneti kwa wakati wake, na dakika moja ya ziada mpakaji akiwa kwenye simu inatosha kukuachia doa. Tena asilimia peke yake haikuambii kitu: glikoliki ya 70% iliyopunguzwa ukali hadi pH ya 3 (pH ikishuka, ukali unapanda) ni dawa moja, na glikoliki ya 70% yenye pH chini ya 1 ni dawa nyingine kabisa. Asidi ya mandeliki ina molekuli kubwa zaidi, inaingia polepole, na ni ya upole. Wakiwa nayo, sina neno. Mchanganyiko wa Jessner, wenye resosinoli, salisiliki na laktiki gramu 14 kila moja katika mililita 100 za alkoholi, una nguvu zaidi kila unapopakwa tabaka jingine. Huo uache kwa daktari.

Na sasa TCA. Rafiki yako anasema ni kitu kile kile. Hapana. TCA inagandisha protini za ngozi papo hapo, kama unavyoona ute wa yai kwenye kikaango, na weupe huo wa barafu unaotokea usoni ndio unaomwambia daktari amefika wapi. Kuusoma weupe huo ni ufundi, na kwenye ngozi nyeusi ni mgumu zaidi. Salisiliki ukiiosha inakoma. TCA ikishagandisha, hakuna cha kuizima. Asilimia 35 ni pilingi ya kati, ile inayovuka ngozi ya nje, na kwa aina yetu hata wataalamu wanaikwepa kwa uso mzima, kwa sababu ya madoa, makovu na keloidi, yaani makovu yanayovimba na kukua. Chupa za mtandaoni zina tatizo la ziada: alkoholi au maji yakipungua, nguvu inapanda, na aliyebandika lebo hajulikani. Julai 2024 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, iliwaonya watu wasinunue wala kutumia pilingi za nguvu, TCA ikiwemo, bila usimamizi wa mtaalamu, baada ya watu kuungua. Hao wana hospitali kila kona. Wewe ukiungua saa tatu usiku huko Kadutu, utamwita nani?

Vishimo vyako, pilingi ya juu haitavijaza, yeyote anayekuahidi hivyo anakudanganya. Kuna njia ya kuchovya ncha ya kijiti kwenye TCA kali sana na kugusa ndani ya kishimo tu, na hufanya kazi kwa vishimo vyembamba, lakini ni kazi ya daktari aliyeizoea na inahitaji miezi. Iondoe kwenye hesabu za Agosti.

Kabla ya pilingi yoyote, saluni ijibu haya. Asidi gani, asilimia ngapi, pH yake, chupa imefunguliwa lini? Kama jibu ni "ni ya kutoka Dubai" au "ni ya Wazungu", aga uondoke. Je, watajaribu kwanza nyuma ya sikio au chini ya taya na kusubiri wiki moja au mbili waone kama panaacha weusi? Je, wana picha za mtu wa rangi yako baada ya miezi mitatu? Picha ya siku ya tano haina maana, kila ngozi mpya inang'aa siku ya tano. Wakuulize nao: umewahi kupata keloidi, vidonda vya homa mdomoni, una mimba, unatumia isotretinoini ya vidonge, ile dawa kali ya chunusi? Mwenye vidonda vya homa vinavyorudi anapewa asikloviri kabla, kwa sababu kirusi hicho kikiamka juu ya uso uliobambuliwa kinaenea kote. Wasipokuuliza hata moja, hilo ni jibu. Na wakikuambia utatoka "na ten ya kung'aa", wakumbushe hukuja kubadilisha rangi.

Siku kama saba kabla, simamisha tretinoini au adapaleni, na usinyoe uso wala kutoa nywele kwa nta. Dawa ya kulainisha nywele iache wiki nzima kabla na wiki nzima baada. Magadi yake yakishuka kwenye paji la uso uliobambuliwa utajuta, na mabibi harusi wengi wanapanga vyote viwili katika juma moja. Baada ya pilingi ngozi inakauka, inakaza, inabambuka kidogo siku ya tatu hadi ya saba. Usiivute. Vaselini, maji, subira. Tretinoini irudi ngozi ikishatulia kabisa.

Jua ndilo linaloamua kama pesa yako imepotea. Bukavu tuko nyuzi mbili na nusu tu kusini mwa ikweta na karibu mita 1,500 juu ya bahari, na kadiri unavyopanda ndivyo miale inavyokuwa mikali. Ukungu wa asubuhi kutoka ziwani unakupa baridi lakini haukukingi, sehemu kubwa ya miale inapita mawinguni. Nawe unakaa nje sokoni siku nzima, na Juni hadi Agosti ni kiangazi. Krimu ya jua ya SPF 30 au 50, mistari miwili kwa urefu wa kidole cha shahada na cha kati, kwa uso na shingo, irudiwe mchana. Kwa ngozi nyeusi mwanga wa kawaida unaoonekana nao unaongeza weusi, na krimu nyeupe haiuzuii vizuri. Inayouzuia ni ile yenye rangi, kwa sababu ya oksidi ya chuma. Isipopatikana, paka krimu ya kawaida, kisha juu yake fondoteni (faundesheni) ya rangi yako halisi, maana nayo kwa kawaida ina oksidi hiyo. Ongeza kofia pana au mwavuli. Kama pesa inatosha kitu kimoja kati ya pilingi na krimu ya jua, nunua krimu ya jua.

Dalili za kukukimbiza hospitali baada ya pilingi ni maumivu yanayozidi badala ya kupungua, malengelenge, usaha au ukoko wa njano, homa, na doa jekundu linaloendelea kuwaka wiki ya pili, kwa sababu hilo ndilo linalokuja kuwa kovu. Asidi ikiingia jichoni, maji mengi safi dakika 15 hadi 20 hapo hapo, kisha hospitali. Na wakati huo ndipo mtu atakuletea kopo la mkorogo "ili litulize". Usikubali.

Tarehe zako basi. Mkorogo uwe umekwisha kabisa, na uso usiwe umewaka kwa angalau wiki nne, ndipo ujaribiwe nyuma ya sikio, tuseme mwisho wa Mei. Pilingi ya kwanza ya salisiliki 20% wiki ya pili ya Juni. Ya pili mwanzoni mwa Julai, kama ya kwanza haikuacha weusi. Baada ya tarehe 15 Julai usimruhusu mtu yeyote akuguse uso kwa asidi, hata akikufanyia bure kama zawadi ya harusi, kwa sababu doa la pilingi iliyoharibika hutokea wiki ya pili au ya tatu na halifutiki kwa mwezi mmoja. Ya tatu waliyokuuzia Ibanda, kama bado unaihitaji, ifanye Oktoba, na kabla ya kwenda upime mimba. Na kama Juni ikifika uso bado unawaka, ruka pilingi yote, utafute mpambaji aliye na fondoteni ya rangi yako halisi, umjaribu Julai mchana nje ya nyumba, si chini ya taa za saluni.